Idadi ya silinda haitoshi kueleza nguvu

Mwandishi wa makala ya pikipiki anasema injini ya silinda nne "ina nguvu zaidi" ya ile ya silinda mbili, kisha anahamia kwenye rangi za tangi! Angetuambia basi nguvu hiyo inakuja lini, na inakujaje.

Injini ya silinda moja huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Inakusukuma kwa mapigo, na mikono inakufa ganzi safari ikiwa ndefu. Silinda nne zilizopangwa kwenye mstari mmoja huwaka kila nusu mzunguko, laini kama cherehani, na pistoni zake ndogo huvumilia mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika. Ila kwenye mizunguko ya chini injini hiyo imelala. Ukitaka kuipita lori, shusha gia kwanza. Silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V hazina usumbufu huo, vuta mafuta tu.

Na tusidanganywe na umbo la nje. Kwenye Harley-Davidson, ambayo V yake ina pembe ya nyuzi 45, kutoka silinda moja kuwaka hadi nyingine kranki huzunguka nyuzi 315, halafu 405, ndiyo maana mlio wake unachechemea. Yamaha walipoleta pikipiki yao ya kasi, R1 ya 2009, waliacha silinda nne za mstari zilezile, wakabadili kranki ili mapengo ya kuwaka yawe nyuzi 270, 180, 90, 180. Lengo lilikuwa dereva ahisi vizuri zaidi uhusiano wa mkono wake na tairi la nyuma anapotoka kwenye kona. Silinda ni nne bado, lakini sikiliza mlio, utadhani ni V.