Onana Ndani ya Rolex

Foleni ya malori mpakani Malaba, upande wa Uganda, ikisimama, madereva huzungumza mpira. Ikisogea, huzungumza mpira huku wakiwasha injini. Alhamisi ile ya mwisho wa Agosti 2025 ilikuwa imesimama, tena imesimama vibaya, na usiku wa kuamkia siku hiyo Manchester United ilikuwa imetupwa nje ya Kombe la Carabao na Grimsby Town.

Kwa waliolala mapema: Grimsby ni timu ya daraja la nne. Ni mji wa wavuvi, na mashabiki wake huenda uwanjani na samaki wa plastiki wa kupulizwa. Mpira ulianza saa nne usiku kwa saa zetu, ukaisha 2-2, zikaja penalti mpaka saa sita ikapita, 12-11. Sesko, mshambuliaji aliyenunuliwa kwa mamilioni, alingoja hadi zamu ya kumi. Mbeumo akagonga mtambaa wa panya, basi. Kwenye kibanda tulichokuwa tukitazamia, dereva mmoja mtu mzima alitoka kimya akaenda kukaa chini ya lori lake. Sisemi kando ya lori. Chini.

Mimi ni Arsenal. Nabeba kahawa kutoka Kampala kwenda bandarini Mombasa, na Agosti 17 tulikuwa tumewafunga hao hao 1-0 pale pale Old Trafford, kichwa cha Calafiori. Kwa hiyo asubuhi hiyo niliamka kabla ya jogoo, nikaoga, nikavaa jezi. Niliivaa chini ya shati lakini, maana Uganda bado tunakumbuka Januari 2023, wenzetu wa Jinja walipokamatwa na polisi kwa kuandamana mitaani na kombe mkononi baada ya kuichapa United 3-2. Furaha nayo ina kibali chake. Nikaacha kifungo kimoja wazi, rangi ionekane kidogo, nikaenda kutoa rambirambi kwa muuza rolex, ile chapati ya Uganda inayokunjwa na mayai ndani.

Muuza rolex huyu ni Manchester wa damu. Hata mwavuli wake ni mwekundu. Pale nilimkuta mzee anayeendesha tangi la mafuta, naye ni Manchester tangu enzi za Cantona na kola yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Utingo wangu, shabiki wa Liverpool, alikuwa ameshafika kabla yangu. Msiba wa namna hiyo hauchelewi.

"Poleni wazee wangu," nikasema.

"Kijana," mzee akajibu bila kunitazama, "mara ya mwisho nyinyi kuchukua ligi ulikuwa darasa la ngapi?"

"La tatu. 2004."

"Basi kaa, unywe chai yako."

Nikakaa. Lakini muuza rolex hakutaka huruma wala ubishi na Arsenal. Ugomvi wake ulikuwa na mzee, Manchester kwa Manchester, na hiyo ndiyo mechi tamu kuliko zote. Yeye anamlaumu kocha. Amorim aliletwa Novemba 2024 kutoka Sporting, akaja na mfumo wake wa 3-4-3 akakataa kuubadilisha, msimu ukaishia nafasi ya 15, pointi 42. Tena akafika fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao, akafungwa na Tottenham iliyomaliza ya 17.

"Wa 15 kafungwa na wa 17," utingo akasema. "Hiyo ilikuwa fainali au mtihani wa marudio?"

Mzee akagonga meza. Kwake yeye kocha hana kosa, kosa ni la familia ya Glazer tangu waliponunua klabu mwaka 2005. Ukimwambia beki imelala, Glazer. Ukimwambia winga anapiga krosi jukwaani, Glazer. Nilianza kushuku kwamba hata foleni ile aliiona ni ya Glazer.

Ndipo muuza rolex akatoa simu akatuonyesha ile picha iliyozunguka usiku kucha: Amorim kwenye benchi, mvua inanyesha, ameinamia kibao anasogeza vidude vyake, na wavuvi wanaongoza. "Banange, tazameni! Mimi naweza kuwaonyesha kosa lake hapa hapa."

Mezani palikuwa na chapati moja kubwa iliyopoa. Ikawa uwanja. Mabeki watatu wakawa mayai, kila yai limekalishwa juu ya kizibo cha soda lisiviringike. Katikati vipande vinne vya nyanya. Mbele vitunguu vitatu, kwa sababu washambuliaji wale wanaliza watu. Goli likawa rundo la kabichi iliyokatwakatwa. Akakosekana kipa. Mzee akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa lori kwenye vidole vyangu, akauweka mbele ya kabichi.

"Huyu hapa Onana."

Lori langu ni la zamani. Ufunguo wake ni kijipande chembamba cha chuma, hakina rimoti, hakina hata pete.

"Sasa oneni," muuza rolex akasema, kisu mkononi. "Goli la pili. Kona inakuja hivi. Onana anatoka hivi, mikono hewani, mpira unampita, Tyrell Warren anamalizia. Na huyo Warren amelelewa kwenye akademi ya United yenyewe!" Aliposema "unampita" alimsukuma Onana kwa ncha ya kisu, akazama kwenye kabichi. Mzee akaruka juu akipiga kelele kuhusu Glazer, na hakuna aliyemkumbuka tena kipa.

Hapo ikasimama boda, nyuma amekaa mama mmoja na furushi la mitumba. "Mwanangu, mayai mawili, upesi, naenda ng'ambo."

Muuza rolex alifanya kazi huku anabishana. Akavunja mabeki wawili, akawakaanga. Akaweka mayai juu ya uwanja. Akachota goli kwa mkono mmoja, akanyunyiza, akatupia viungo wanne wa kati, akakunja, akatia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki mweusi, mama akalipa, boda ikaondoka. Mimi nilitazama yote hayo nikicheka, nikamwambia leo umefanya mabadiliko mengi kuliko Amorim mwaka mzima.

Halafu foleni ikasogea.

Wanaojua Malaba wanajua foleni ikisogea ni kama mvua ya kwanza: kila mtu anakimbia. Honi zikaanza nyuma. Nikatia mkono mfukoni. Nikatia mwingine. Nikatazama meza: beki mmoja, vitunguu vitatu, kabichi kidogo.

"Onana yuko wapi?"

Muuza rolex alitazama kabichi. Akatazama barabara ya kwenda Kenya.

"Ameuzwa," akasema.

Ufunguo wa akiba uko Mombasa, kwa bosi. Nilimwacha utingo kwenye kibini apokee matusi kwa lugha zote za Afrika Mashariki, nikarukia boda. Mzee naye akapanda nyuma yangu, kwa kuwa tangi lake lilikuwa limefungiwa nyuma ya kahawa yangu. Mishikaki, watu watatu. Nilidhani hofu itamnyamazisha. Wapi! Njia nzima alinieleza sikioni habari za madeni waliyotwishwa klabu, na dereva wa boda, kumbe Chelsea, akageuza shingo badala ya kutazama mbele: "Lakini mzee, Ten Hag, kocha wenu kabla ya Amorim, mlimwongeza mkataba Julai mkamfukuza Oktoba. Hiyo nayo ni Glazer?"

"Tazama barabara!" nikalia.

Mpakani askari akatusimamisha. "Mnabeba nini?"

"Hatubebi, afande. Tunafuata."

"Mnafuata nini?"

"Rolex."

Akaitazama jezi iliyochungulia kifuani mwangu, akayatazama macho ya mzee. "Huyu ndiye Manchester?"

"Ndiye."

"Pole sana, mzee. Piteni."

Upande wa Kenya tukakumbana na sheria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kule tangu Agosti 2017, na anayevuka na kaveera hulivua hapo hapo. Palikuwa na kirundo cha makaveera, nikapekua moja moja nikinusa. Nusa ya tatu, kitunguu. Kaveera ni lile lile, limebaki na mafuta tu. Mzee akalitazama, akavua kofia.

"Yule mama kafungia chapati yake kwenye kitenge," kijana mmoja akatuambia. "Ameelekea kwenye matatu za Bungoma."

Tulimkuta ameketi karibu na dirisha, gari linakaribia kujaa, makanga anaita wawili wa mwisho. Kitenge kilikuwa mapajani. Alikuwa anakifungua.

"Mama, shikamoo. Tafadhali usile!"

Gari zima likageuka. Mama akaweka mkono juu ya kitenge. "Kwa nini nisile? Ina nini?"

Sasa mimi nilikuwa nimekimbia, pumzi imekatika, na mwenzangu ndiye aliyenitangulia kujibu. "Mama," mzee akasema kwa heshima zote, "humo ndani kuna Onana."

Kimya.

"Kuna nani?"

"Kipa wa Manchester United."

Kijana wa kiti cha nyuma akapiga paja. "Ndiyo maana jana hakuonekana golini!"

Gari likalipuka. Makanga akaacha kuita abiria. Mama peke yake hakucheka. Alinikagua toka kichwani hadi kwenye malapa yangu, akasema: "Mwanangu, mmeacha rolex zote za Uganda mkanifuata na yangu hii moja?" Mwanamke wa pembeni akamnong'oneza kwamba watu wa namna hii huwa wametumwa na mganga. Nikaanza kueleza: chapati ni uwanja, mayai ni mabeki, kabichi ni goli. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mwanamke yule alivyosogea mbali.

Mwishowe mama aliikunjua mwenyewe, taratibu, mbele ya mashahidi kumi na wanne. Nyanya. Mayai. Kabichi. Na katikati, amelala chali, anang'aa mafuta, ufunguo wangu.

"Hata leo kashindwa kutoka," yule kijana akasema.

Nilimlipa mama rolex yake na nauli ya Bungoma juu. Alipokea, akaifunga tena chapati, akaila. Mzee akataka kumweleza habari za 2005, gari likaondoka.

Tuliporudi, foleni ilikuwa imetupita pande zote mbili, na utingo alikuwa ameshaelezea kisa chetu kwa kila dereva, kila mara na chumvi mpya. Katika toleo moja ufunguo ulikuwa umemezwa. Muuza rolex aliniuliza kama mama ameipenda chapati.

Wiki mbili baadaye nilikuwa bandarini Mombasa nikipakua, simu ikaita. Muuza rolex.

"Ssebo, umesikia? Onana anaenda Uturuki, Trabzonspor. Kwa mkopo."

"Kocha kasema nini?"

"Mimi namlaumu kocha. Mzee wa tangi yuko hapa." Nikasikia meza ikigongwa. "Anasema unajua ni akina nani."