Nani Alianza Kulala?

Kosa la kwanza ni la binamu yangu anayeishi Cape Town. Alinitumia video: watu wamevaa nguo za kubana, wanakimbia ndani ya ukumbi, wanasukuma mzigo wa chuma, wanakimbia tena, wanatupa mpira ukutani, wanaanguka wakitabasamu. "Inaitwa HYROX," akasema. "Ilianzia Ujerumani mwaka 2017. Unakimbia kilomita moja, unapiga kazi ngumu, unakimbia nyingine, unapiga kazi nyingine, hadi zifike nane."

Nikamuuliza wanalipwa ngapi. Akajibu kwamba wao ndio wanaolipa.

Ningekuwa na akili ningekomea hapo. Huku Goma, mashariki mwa Kongo, vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanateremsha mizigo kutoka Kibumba kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kutoa pesa yake mfukoni ili aruhusiwe kusukuma. Lakini niliwaonyesha wenzangu wa jimu, na kochi wetu ni mtu asiyeweza kuona kitu akakiacha. Wiki ileile akatangaza kwamba na sisi tutafanya yetu, kwa vifaa vya hapahapa.

Mzigo wa kusukuma, kwa wanaume wa daraja la kawaida, ni kilo 152 pamoja na chuma chenyewe, mita 50. Tukaazima chukudu, tukapakia mifuko mitatu ya saruji. Ikawa nyepesi mno, kwa sababu chukudu ina magurudumu na chuma chao kinaburutwa. Kochi akafunga gurudumu la mbele kwa kamba. Mwenye chukudu alivumilia mita mbili hivi, akakata kamba kwa kisu, akaondoka na mali yake bila kutuaga. Mashine ya kupiga makasia hatukuwa nayo, tukasema ziwa si lile pale, tukaomba pirogi. Hiyo sitaisimulia. Mvuvi yule bado anapita mtaani kwetu.

Siku ya jaribio niliikimbia kilomita ya kwanza kama mwizi wa simu. Nilikuwa mbele ya wote, nikageuka hata kupunga mkono. Kufika kituo cha nne, kile cha burpi, roho yangu ilikuwa imeshavuka mpaka na kuingia Gisenyi. Burpi zenyewe ni hivi: unajitupa chini hadi kifua kiguse, unainuka, unaruka mbele kwa miguu miwili, unajitupa tena, mita 80 nzima. Mimi niliruka kama chura mara sita, mara ya saba nikabaki chini. Nikamaliza wa mwisho, nyuma ya mzee mmoja aliyekuja kupunguza tumbo.

"Wewe nguvu unazo," kochi akaniambia, "ila unazimaliza zote asubuhi kama mshahara." Akanieleza kwamba karibu nusu ya muda wa mbio hizi huenda kwenye kukimbia, kwa hiyo anayefanya vizuri ni yule ambaye kilomita yake ya nane inafanana na ya kwanza. Nijifunze kukimbia miguu ikiwa imeshachoka: kilomita moja, burpi, kilomita nyingine papo hapo bila kukaa. Na burpi nisiruke mbali. Nirudishe mguu mmoja mmoja, niruke kidogo, pumzi ifuate mwendo uleule.

Ushauri mzuri, tatizo ni ardhi. Anayeishi Goma anajua tunakanyaga nini. Uani kwetu ni mawe ya volkano tangu mlipuko wa 2002, na mawe yale hayajawahi kumhurumia mtu. Burpi kumi tu, viganja vikawa kama nimepigana na paka. Ikabidi nitafute lami. Na lami iliyo karibu nasi ni barabara wanayopita wamama wa kwenda soko la Virunga.

Jumanne, saa kumi na mbili alfajiri, nikakimbia kilomita yangu vizuri kabisa, polepole, kama nilivyofundishwa. Nikafika kwenye lami. Barabara imejaa: wamama na mabeseni, wamotari wanagombania abiria, wanafunzi, kijana wa chukudu na makabichi yake. Mimi akili iko kwenye burpi. Nikajitupa chini.

Mtaa mzima ukajitupa chini.

Sikuona. Uso ulikuwa kwenye lami. Nilisikia tu mabeseni yakigonga, pikipiki ikianguka, na kitu kizito kikibingirika kuelekea mtaroni, ambacho baadaye nilijua ni makabichi. Nikainua kichwa. Watu wote wamelala kifudifudi, mikono kichwani. Nikajiambia: loo, limetokea jambo! Nikarudi chini haraka, na safari hii haikuwa mazoezi.

Tukakaa hivyo. Wao wananitazama mimi, mimi nawatazama wao. Kila mtu anasubiri mwenzake aamke kwanza.

"Balipiga risasi wapi?" motari mmoja akanong'ona.

"Sijui," nikamjibu, na moyo unanidunda. "Wewe ulisikia?"

"Mimi? Sikusikia. Nilikuona weye."

Wakati huo mzee mmoja mwenye fimbo, masikio yake yamestaafu zamani, akapita katikati yetu akituruka mmoja mmoja. Akasimama juu yangu. "Leo ni sala gani hii?"

Hapo mama wa sambaza akainuka. Beseni lake lilikuwa limepinduka na samaki wadogo wamejaa barabarani. Akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti ya hakimu: "Nani alianza kulala?"

Vidole vyote vikanielekea.

Nilijaribu kueleza. Nikataja Ujerumani. Usiwahi kutaja Ujerumani mbele ya mtu ambaye sambaza zake zinaliwa na mbwa. "Mama, ni spoti," nikasema. "Spoti ya kulala?" akauliza, na wamotari wakacheka hadi ile pikipiki ikaanguka mara ya pili.

Mfukoni nilikuwa na ufunguo tu. Makabichi tuliyaokota, kijana wa chukudu akanisamehe kwa matusi mafupi. Mama hakusamehe. "Mutoto yangu, una nguvu ya kurukaruka, basi utanichotea maji." Wiki mbili, kila alfajiri, bidoni mbili za lita 20, kutoka bombani hadi kwake. Kwenye mbio zile unabeba kilo 24 kila mkono kwa mita 200 kwenye sakafu laini. Kwa mama ni kilo 20 kila mkono, lakini ni kupanda, juu ya mawe, na yeye nyuma yangu: "Usitue! Ukitua maji inamwagika!"

Siku ya mbio zetu nilizibeba bidoni bila kutua hata mara moja, na nikamaliza wa tano kati ya kumi na wanne. Yule mzee wa tumbo nilimpita kilomita ya saba.

Ila kwenye burpi palikuwa na kasoro ndogo. Nilipojitupa chini mara ya kwanza, muuza mayai mmoja pembeni akachuchumaa na ndoo yake, na wawili nyuma yake wakaanza kuinama. Ndipo nikasikia ile sauti ya hakimu ikitoka katikati ya watazamaji:

"Musimame! Ule ni wa kwetu, njo vile analalaka!"