Maji ya bomba ni salama mpaka wapi?

Mvua kubwa ikinyesha Rwenzori, mjadala wa maji huanza upya katika miji midogo ya wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Bomba linatoa maji ya rangi ya chai, watu wanapiga picha ndoo zao na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp, kisha anajitokeza ofisa kueleza kwamba maji yanatibiwa na yanakidhi viwango. Huyu ana ndoo, yule ana karatasi ya maabara. Kinachonikera katika ugomvi huu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado mwenye mtoto mchanga asijue ampe maji gani jioni hiyo.

Nianze na mwenye karatasi, kwa sababu mtaani huyu hahesabiwi kabisa. Maji ya mto yakifika mtamboni hutiwa shabu ili tope lishikane na kuzama, yakachujwa kwenye mchanga, mwisho yakatiwa klorini. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, ambacho Uganda inakitumia kupitia shirika la viwango la UNBS, hakiruhusu bakteria wa E. coli hata mmoja ndani ya mililita 100. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo wengi tunaliita National Water, limekuwepo tangu 1972 na lina maabara kuu pale Bugolobi, Kampala. Miji isiyo chini yake huhudumiwa na mamlaka sita za kikanda zinazoitwa Umbrella, ambazo serikali ilizikabidhi rasmi kazi hiyo mwaka 2017. Kabla ya hapo miji mingi midogo ilikuwa na bodi yake na mwendeshaji wake, na pampu ikiungua watu walirudi mtoni. Aliyeishi wakati huo hawezi kusema hakuna kilichobadilika.

Na anayelikimbia bomba anakimbilia wapi? Wengi watakwambia chemchemi, kwa sababu maji yake ni meupe na baridi. Lakini weupe wa maji haukwambii lolote kuhusu choo cha shimo kilichochimbwa mita chache juu ya kilima. Maji ya kufungwa nayo yana historia yake. Mwanzoni mwa 2015 Kampala ilikumbwa na taifodi, wagonjwa walioshukiwa wakapita 10,000, na uchunguzi ukayafikia maji na vinywaji vilivyochafuliwa, vikiwemo vile vinavyouzwa kwenye kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Mwaka huohuo sisi Kasese tulikuwa na kipindupindu chetu kilichodumu miezi, nacho kikahusishwa na maji ya kunywa yaliyochafuliwa na majitaka. Hapa hatujadili ladha tu.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya idara za maji naikubali: maji yaliyotibiwa, yanapotoka mtamboni, kwa kawaida ni bora kuliko karibu kila kitu kingine ambacho mtu wa kawaida anaweza kukipata. Shida yangu inaanza pale karatasi ya mtamboni inapotumiwa kujibu swali la bombani.

Klorini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuua vimelea vilivyomo kwenye maji, na hiyo huchukua kama nusu saa. Ya pili ni kubaki kidogo ndani ya maji ili kuyalinda njiani. Shirika la Afya Duniani linataka bombani ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho hupungua kadiri maji yanavyosafiri: joto hukila, tope hukila, kutu ya mabomba hukila. Maji yanaweza kutoka mtamboni na ulinzi wa kutosha na kumfikia mtu wa mwisho wa laini, kule juu kwenye mwinuko, yakiwa hayana ulinzi wowote.

Kuipima klorini hiyo si kazi ya profesa. Unachukua kikopo kidogo cha maji ya bomba, unatia kidonge cha DPD, unatikisa. Klorini ikiwepo maji hugeuka rangi ya waridi, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Unalinganisha na kadi ya rangi, unaandika. Maji yakibaki meupe, umepata jibu pia. Ni dakika chache, na mtu anayesoma mita anaweza kufundishwa asubuhi akaanza kazi mchana.

Hapa niseme neno kuhusu ile harufu. Watu wengi hulalamika kwamba maji yananuka dawa, na malalamiko hayo huwekwa kapu moja na ya maji ya matope. Kumbe harufu hafifu ya klorini ni habari njema kuliko zote zinazoweza kutoka bombani. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona bado ni salama ni miligramu 5 kwa lita, na pua ya binadamu hulalamika mapema kabla ya kufika huko. Mimi maji yakinuka dawa kidogo nayanywa. Yakikaa wiki nzima bila harufu yoyote, hapo ndipo ninapoanza kuuliza.

Jambo linaloharibu zaidi, hata hivyo, ni maji kukatika. Bomba lenye maji muda wote lina presha inayosukuma kwenda nje: likiwa na tundu, maji safi yanavuja na taka haiingii. Maji yakikatika, presha hushuka, na lile tundu lililokuwa likivujisha linaanza kunyonya. Sasa fikiria mabomba ya plastiki yanayopita ndani ya mitaro ya barabara, mitaro ileile inayopokea maji ya bafu, ya jikoni, na mvua ikizidi, ya vyooni. Takriban theluthi moja ya maji ambayo National Water inayazalisha nchini hayaingizi mapato. Mengine huibwa, mengine yanavuja. Wahasibu huisoma takwimu hiyo kama hasara ya fedha. Ukiisoma kwa jicho la afya, kila panapovuja pana mlango. Mtambo ungetibu maji vizuri kiasi gani, mji unaopata maji kwa zamu unakunywa na kilichoingia njiani, hasa katika zile ndoo za kwanza maji yanaporudi.

Idara za maji hujibu kwamba uchafu mwingi unaingia nyumbani, na wana ushahidi wa kutosha. Pita Mpondwe, mji wetu wa mpakani na Kongo, siku ya soko, pale ambapo Kikonjo na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka vinachanganyika, uangalie jerikeni zilizopangwa kwenye kioski. Nusu yake hazina vifuniko. Zimezibwa kwa kiazi au ndizi mbichi. Inamisha moja uchungulie: ukutani kuna utelezi wa kijani ambao hausuguliki kwa sababu mkono hauingii, ila watu hutia changarawe na kutikisa. Klorini ikikutana na utelezi huo inaishia hapohapo. Hapa lawama za idara ni za haki.

Ila zina mpaka. Mtu hachoti maji kwa jerikeni ya lita ishirini kwa kupenda. Anachota kwa sababu hana bomba la nyumbani, au analo na halitoi. Bei ambayo National Water huitangaza kwa bomba la umma ni shilingi 25 kwa jerikeni, lakini mkononi mwa mwenye kioski, na zaidi mkononi mwa kijana wa baiskeli wakati wa ukame, ni mara kadhaa ya hapo. Akishalipa hivyo huwezi kumwambia amwage maji ya kwanza. Huduma ya kukatikakatika ndiyo inayozaa jerikeni na matangi, kisha jerikeni na matangi yanalaumiwa kwa uchafu.

Basi tuchemshe? Ndiyo ushauri tuliolelewa nao, na kwa vimelea unafanya kazi: maji yakitokota, vimekufa. Lakini kuchemsha kuna gharama mbili ambazo hazisemwi. Moja ni makaa, ambayo kila mwaka yanapanda, na tangu serikali ilipopiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwaka 2023 hakuna anayetarajia yashuke. Ya pili ni kwamba kutokota kunafukuza klorini. Ukiyahifadhi maji hayo kwenye ndoo wazi inayochotwa na kikombe cha kila mtu, umetoa mlinzi na kufungua mlango. Kwa familia inayopokea maji safi lakini yasiyo na klorini ya kutosha, matone ya dawa kama WaterGuard na chombo chenye mdomo mwembamba au koki ni nafuu na yanalinda muda mrefu zaidi. Yakija na tope, yaache yatulie na uyachuje kwanza, kwa maana tope huila dawa. Kwa mtoto mchanga mimi bado ningechemsha, kisha nikafunika.

Kuna jambo la Kasese ambalo halichemshiki wala halitibiki kwa klorini. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia 1956 hadi mapema miaka ya 1980, na mabaki ya mgodi yameachwa bondeni, mto Nyamwamba ukipita kando yake. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, yaliyoharibu hospitali ya Kilembe, yalionyesha mto huo una nguvu gani ya kubeba kilicho kando yake. Watafiti waliopima maji na udongo wa bonde hilo wamekuta kobalti, shaba na nikeli kwa kiasi cha kutia wasiwasi katika baadhi ya sampuli. Kwa shaba, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Kwa kobalti halijaweka kikomo chochote. Maana yake ofisa anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba maji hayavuki viwango vya shirika hilo, kumbe metali inayotuhusu zaidi haina kiwango cha kuvukwa. Sisemi kila bomba la wilaya lina metali. Vyanzo vinatofautiana na vingine viko mbali kabisa na mgodi. Nasema mji ambao chanzo chake kiko chini ya mabaki hayo unastahili kipimo chake wenyewe, na uoneshwe.

Na hapo ndipo ninaposimama katika ugomvi huu: matokeo yatangazwe, ya bombani, mtaa kwa mtaa, pamoja na saa ambazo maji yalitoka. Klorini kila wiki katika bomba la mbali kuliko yote, E. coli kila mwezi, na metali mara chache kwa mwaka pale inapohusika. Yabandikwe palepale tunapolipia bili.

Wapo wanaopinga, nao si wajinga. Wanasema ukibandika matokeo mabaya, watu watalikimbia bomba na kwenda mtoni, na mto ni mbaya zaidi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini watu wameshalikimbia, kwa picha za ndoo zisizoeleza chochote. Tangazo linalosema "mtaa huu wiki hii klorini ni ndogo, tieni dawa" linampa mtu la kufanya. Picha ya ndoo inampa hasira tu. Pingamizi la pili ni fedha, na kwa miji ya Umbrella ni zito: wateja wachache, umeme ghali. National Water yenyewe imekuwa ikilalamika miaka mingi kuhusu madeni ya taasisi za serikali, kambi na magereza yakiwemo. Serikali isiyolipa bili zake haina uso wa kuidai idara vipimo zaidi. Kwa vipimo vya metali naikubali hoja hiyo; wizara ndiyo ibebe. Kwa kidonge cha DPD siikubali.

Majirani wameshafanya. Kenya ina mamlaka ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, ambayo kila mwaka hutoa ripoti inayozipanga kampuni za maji kwa utendaji, ubora wa maji ukiwemo. Tanzania ina EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Sisi umeme una mdhibiti wake tangu sheria ya 1999, lakini maji yanasimamiwa na idara iliyo ndani ya wizara ileile yenye dhamana ya kuyatoa. Sina haja ya kumtuhumu mtu yeyote wa idara hiyo. Mpangilio wenyewe unawaweka mahali pagumu.

Mdhibiti wa kujitegemea atachukua miaka, akija. Kilichopo sasa ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayompa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi ina siku 21 za kujibu. Diwani wa mji, kamati ya afya ya shule au chama cha wafanyabiashara wa soko kinaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kuomba vitu vitatu: rekodi za klorini za miezi kumi na miwili kwa kila mahali ilipopimwa, ratiba halisi ya maji kukatika, na kipimo cha mwisho cha metali kwenye chanzo. Iwapo sampuli zote zilichukuliwa getini mwa mtambo, barua ya pili iulize kwa nini.