Raba ya Kulia

Msafara wetu wa mashabiki ulisimama kwenye msikiti wa njiani saa saba na nusu. Mechi saa kumi. Hesabu haikuwa ngumu: safari imeshavuka kilomita 80 na ushee, msafiri anaruhusiwa kufupisha sala, kwa hiyo Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri rakaa mbili, unazikusanya pamoja na uwanjani unaingia huna deni. Ukisema usubiri mapumziko ya mechi, dakika 15 zote zitaishia kwenye foleni ya choo.

Nyuma tuliacha ubishi uliotuchosha tangu alfajiri: dini inatafuta nini kwenye mpira? Katekista, ambaye ndiye mpiga ngoma wetu, alisema mpira umelelewa na dini. Everton ilianzia kanisani mwaka 1878. Celtic iliasisiwa mwaka 1887 na bruda wa Kikatoliki, zipatikane pesa za kulisha maskini wa Glasgow, Scotland. Mhasibu wa tawi akamjibu kwamba huko huko Glasgow, Rangers, timu iliyoshabikiwa na Waprotestanti, walipomsajili Mo Johnston, Mkatoliki, mwaka 1989, kuna mashabiki wao waliochoma skafu zao. Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana hakuna aliyenyamaza.

Msikitini safu ilikuwa bega kwa bega. Nilipotoa salamu upande wa kulia, nikaona kola ya jezi ya wapinzani imechungulia kwenye kanzu ya jirani yangu. Naye akaiona yangu, maana zipu ya jaketi ilishuka kwenye sijda. Tukapeana mikono, kisha kila mmoja akainua yake kuomba dua. Kwa jinsi midomo ilivyokwenda mbio, nilijua tunaombea mechi moja. Yeye alimaliza kwanza.

Nje, raba zangu namba 42 hazipo. Zimebaki ndala namba 39, rangi ya wapinzani, na nembo yao juu. Dereva anapiga honi.

Ugenini, mkaguzi mkali si mlinzi wa geti, ni shabiki mwenzako. Watu wa tawi jingine waliziona ndala wakaniita mpelelezi, wakataka niwatajie kikosi chetu cha msimu uliopita, na wa akiba pia. Katekista akaniokoa na soksi zake ndefu. Nikazivaa juu ya ndala, nembo ikafunikwa, nikapanda ngazi za jukwaa kama bata.

Kati yetu na wenyeji walituwekea safu tupu za viti na walinzi. Bao la pili la wenyeji lilipoingia (letu halikuja kabisa), nikaziona raba zangu zikiruka ng'ambo, juu kuliko zilivyowahi kuruka nikiwa ndani yake. Jirani yangu wa safu! Nikavua soksi, nikainua ndala. Akashika kichwa, akavua raba ya kulia na kuirusha kwa moyo safi kabisa.

Ikatua miguuni pa mlinzi.

Kitu kikirushwa, kamishna wa mechi huandika ripoti, na klabu ya mrushaji hutozwa faini. Mlinzi akaja kwetu na raba mkononi: “Ya nani hii?” Nikisema yangu, mrushaji ni mimi na klabu inalipa. Nikisema siijui, narudi na namba 39.

Katekista akaniinamia sikioni: “Petro alikana mara tatu. Wewe kana mara moja tu, basi linaondoka.”