Viini hai vya galaksi: tupime wenyewe Dar, au data za bure zinatosha?

Wapenda anga wa Dar es Salaam hawajakubaliana kama kuna haja ya kukesha na darubini ya sentimita 20 chini ya mawingu na taa za jiji, ilhali vipimo vya viini hai vya galaksi, yaani vitovu vya galaksi vinavyong'aa kwa gesi inayomezwa na shimo jeusi kubwa, vinapatikana bure mtandaoni. Mradi wa ASAS-SN, wenye vituo Hawaii, Texas, Chile na Afrika Kusini, hupiga picha anga karibu kila usiku, na yeyote anaweza kuchukua vipimo vyake.

Kwa mabadiliko ya polepole, ya miezi na miaka, wanaotetea data za bure wamepatia. Chukua kwasa 3C 273 (kwasa ni kiini hai king'aavu sana kilicho mbali), ambayo Maarten Schmidt alitambua umbali wake mwaka 1963. Ina magnitudo 13 hivi (kipimo cha mng'ao; namba ikiwa kubwa, kitu ni hafifu zaidi), na kwetu hupita karibu utosini. Lakini miezi yake mizuri ni Machi hadi Mei, yaani masika yenyewe. Pengo la miezi mitatu kila mwaka linaharibu kabisa mchoro wa mwangaza.

Hata hivyo, data za bure zina mtego wake. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kwasa PG 1302-102 hupanda na kushuka kila baada ya miaka mitano hivi, ikadhaniwa ni mashimo meusi mawili yanayozungukana. Data zenyewe zilikuwa za miaka tisa tu, hazifiki mizunguko miwili. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha kwamba mabadiliko ya kubahatisha, ambayo kwasa zote huwa nayo, yanaweza kuchora wimbi la namna hiyo. Mizunguko miwili haithibitishi kitu.

Mizani inageuka tukifika kwenye blaza, yaani viini ambavyo mkondo wao wa chembe umeelekea kwetu. Julai 2006 darubini za H.E.S.S. za Namibia ziliona miale ya gama ya PKS 2155-304 ikibadilika ndani ya dakika chache. Kituo kinachopima mara moja kwa usiku hakiwezi kufuatilia mwendo wa saa mbili tatu. Darubini mpya ya Rubin huko Chile, yenye kioo cha mita 8.4, nayo haitusaidii hapa: kitu cha magnitudo 13 ni kikali mno kwa kamera yake. PKS 2155-304 iko hapo hapo kwenye 13, na mwishoni mwa Agosti, mvua zikiwa mbali, hupita kusini mwa Dar karibu na saa sita usiku, nyuzi 67 juu ya upeo.

Ni kweli Namibia na Afrika Kusini wana anga bora kuliko letu, na saa zao zinakaribiana na zetu. Ila darubini zao kubwa hazikai usiku kucha kwenye kitu kimoja. Sisi tunaweza.

Kazi yenyewe inadai nidhamu. Piga picha za sekunde 60 kwa kichujio cha V (kinachopitisha mwanga wa kijani na njano), saa tatu au nne mfululizo, ukilenga ishara iwe mara 100 ya kelele. Hapo kosa ni kama magnitudo 0.01. Pima kiini pamoja na nyota mbili za picha hiyo hiyo, moja ya kulinganisha mng'ao wa kiini, nyingine ya ukaguzi, kuhakikisha ile ya kwanza haiyumbi. Nyota ya ukaguzi ikiyumba kwa 0.03, basi 0.03 ya kiini haina maana. Acha kupima kitu kikishuka chini ya nyuzi 30: kiini ni cha bluu kuliko nyota nyingi za jirani, na hewa nzito hula bluu zaidi, kwa hiyo utaona mteremko wa uongo. Adui mkubwa wa Pwani ni umande. Hutanda kwenye lenzi polepole, upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo hata ulinganisho haukuokoi. Funga mkanda wa joto tangu mwanzo.

Kisha saa. Saa saba usiku wa kuamkia tarehe 21 ni 22:00 UTC (saa ya kimataifa) ya tarehe 20. Ukikosea hapo, vipimo vyako havitaungana na vya mtu yeyote.

Kwa maoni yangu, asiye na darubini asinunue kwa ajili ya 3C 273. Aliye nayo aielekeze kwenye blaza kati ya Julai na Septemba, na wastani wa kila usiku aulinganishe na ASAS-SN. Wao sasa wanatumia kichujio cha g (cha bluu na kijani), kwa hiyo namba hazitalingana. Tofauti ikibaki karibu ileile usiku hadi usiku, endelea. Ikirukaruka, anza kukagua nyota yako ya kulinganisha.