Pikipiki imeitwa irejeshwe, mwenyewe hajulikani

Kwenye gereji moja ya Chang'ombe, Dodoma, nilimwona fundi akipangusa shingo ya usukani wa pikipiki refu la matairi ya meno, kwa kitambaa chenye petroli. Chini ya vumbi la Kibakwe, wilayani Mpwapwa, zikatokea herufi na namba 17 za chasisi. Mwenye chombo, mzee mmoja wa Mpwapwa, alikuwa amesikia kwamba toleo kama lake limeitwa na kiwanda kwa sababu ya kasoro. Kijana wa gereji akaziingiza kwenye simu kulitafuta tangazo hilo, hakikutoka kitu. "Basi iko salama," mzee akasema, akapiga kiki, akaondoka.

Ni haraka mno kusema hivyo. Marekani, ambako matangazo mengi ya namna hii yanatoka, zipo taasisi mbili. Pikipiki zenye ruhusa ya barabarani ziko chini ya NHTSA, inayosimamia usalama barabarani. Zile za porini tu ziko chini ya CPSC, inayoshughulikia bidhaa za matumizi ya kawaida. Ukitafuta kwa mmoja chombo cha mwenzake, utapata ukimya, na ukimya huo hauna maana yoyote. Tena pikipiki iliyotengenezwa kwa soko jingine inaweza isiwemo kwenye orodha zote mbili.

Wapo wanaosema mambo haya hayatuhusu, na hoja yao si ya kubeza. Fundi yule aliniambia: "Kaka, hii ina kabureta ya Kichina, shokapu za pikipiki nyingine, na fremu imechomelewa mara mbili. Kiwanda kitarejesha nini hapo?" Ongeza umbali. Agizo la "usiendeshe mpaka itengenezwe" ni jepesi mjini. Kwa mhudumu anayepeleka chanjo kijijini, ambako mvua ikinyesha korongo halipitiki kwa kitu kingine, kuegesha pikipiki nako ni hatari, ila majeruhi wake hawaonekani barabarani.

Hata hivyo hoja ya fundi inahusu pikipiki iliyokwisha kuzeeka. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapahapa Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Hizo zilitoka mpya, kwa mkupuo, mnunuzi mmoja, chasisi zote zimeandikwa. Kasoro ya kiwandani ikionekana kwenye kundi la namna hiyo, anayepaswa kuulizwa anajulikana. Kusema urejeshaji hauwezekani Tanzania ni kuzisahau.

Neno lenyewe nalo linatutisha bure. "Kurejesha" linatupa picha ya pikipiki ikipandishwa meli kurudi Japani, kumbe mara nyingi ni wakala kubadilisha kipuri kimoja bila malipo. Wengine huona kampuni inayotangaza kasoro ndiyo yenye bidhaa mbovu. Mimi humhofia zaidi asiyetangaza kitu. Marekani, kiwanda cha pikipiki za barabarani kikithibitisha kasoro kina siku 5 za kazi kuiarifu NHTSA, kisha wamiliki huandikiwa barua.

Barua hiyo kwetu ingekwenda kwa nani? Kwangu hapa ndipo penye kazi, kuliko kwenye sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tunayo, na Tume ya Ushindani ipo. Lakini pikipiki ya mradi yenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, ikiuzwa kwa mnada hupita mikono mitatu au minne kwa karatasi ya mauziano tu. Kadi ya yule mzee bado ina jina la mradi uliokwisha fungwa. Kubadilisha umiliki kuna gharama, na anayenunua chombo cha kupandia milima ya Mpwapwa huona bora fedha hiyo inunue tairi. Simlaumu. Ila kiwanda kikimtafuta, kitabisha hodi kwenye ofisi iliyokwisha hama.

Ningeanzia kwa mafundi. Pikipiki ya mnada huenda isifike kwa wakala hata siku moja, lakini kwa fundi itafika tu, na fundi ana daftari. Lile la Chang'ombe nililichungulia. Mstari wa siku ile ulisomeka: "Mzee wa Kibakwe, waya wa klachi, 8,000, bado." Namba ya chasisi, iliyokuwa imetoka kupanguswa, haikuandikwa.