Nyanya za shosho na padi zangu za mashindano

Wacha niwaambie kilichonipata na hii Subaru yangu, na tafadhali msicheke kabla sijamaliza.

Ilianzia Naivasha. Tangu Safari Rali irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 mimi huwa siikosi, naenda naketi kwa vumbi siku nzima na karanga zangu na maji ya chupa, narudi nyumbani nikiwa na rangi ya ukuta wa udongo. Kwenda si shida, shida ni kurudi, kwa sababu ukitoka kule kila kona ya Waiyaki Way unaiona kama inakuita jina, na mimi jamani naendesha Impreza ya 2008, injini ya 1500, otomatiki, gari ambayo mwenye Vitz akikasirika kidogo tu anaiacha kwa mataa.

Sasa wiki hiyo hiyo padi za breki za mbele zikaisha. Ile kelele nyembamba mnaijua, kuna kakibati wanakaweka makusudi kwa padi, ikibaki kidogo kanaanza kukwaruza diski ili kakugombeze mpaka uende kwa fundi. Nikaenda. Fundi wangu yuko Kangemi chini ya mti, mzee mpole, akaniambia, "Boss, nunua zile za kampuni, elfu sita na mia tano, nikufungie uende nyumbani." Nikamwangalia vile mtoto wa fomu moja anaangalia viatu vya shule.

Nikashuka Kirinyaga Road, kule kwa maduka ya spea. Huko nikapata kijana mmoja mwenye mdomo mtamu kuliko halua, akanitolea boksi jekundu, akalishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, ati hizi ndizo zinafungwa kwa magari ya mashindano. Elfu kumi na tatu. Kwa boksi imeandikwa zinafanya kazi kati ya nyuzi 200 na 650 za joto. Mimi macho yangu yaliona 650 pekee. Hiyo 200 nilidhani ni kama ile "kuanzia" wanaandika kwa matangazo ya viwanja, kitu cha kukupendeza tu, hakuna mtu huuliza.

Fundi alipoziona hakusema kitu. Alichukua padi ya zamani ya kampuni, akaifuta kwa shati, akanionyesha kwa ukucha herufi mbili ndogo zimepigwa ubavuni: FF. "Herufi ya kwanza ni vile inashika kwa joto la kawaida, ya pili ni ikishachemka. Hii yako ya zamani asubuhi na jioni ni mtu mmoja." Akageuza ile mpya: EG. "E iko chini ya F, G iko juu. Huyu wako mpaka aamke ndio atakuwa mwanaume." Nikamwambia mzee funga tu. Akafunga. Alipaka grisi kwa pini za kalipa polepole sana, vile mtu anavyochimba kaburi la jirani.

Akaniambia pia nizizoeshe diski kwanza, nitoke 60 nishuke mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, alafu niziache zipoe. Hiyo nilifanya usiku Southern Bypass, na kusema ukweli ilikuwa raha, isipokuwa matatu iliyokuwa nyuma yangu, makanga alitoa kichwa dirishani akanitukania ukoo mzima mpaka babu ambaye mimi mwenyewe sikuwahi kumwona. Mara ya saba nikaona tochi. Afande.

"Kijana, umekunywa nini?"

"Sijakunywa, afande. Nazoesha padi."

"Unazoesha nini?"

Nikapuliza kile kidude. Ziro. Akakiangalia, akaniangalia, akanipulizisha tena, ziro. Akanirudishia leseni akasema, "Enda nyumbani, na usishike breki tena mpaka ufike."

Sasa niwe mkweli, sitaki kuzisengenya padi bure. Jumamosi iliyofuata nilishuka nazo Mai Mahiu, ile barabara iliyochimbwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili, wakaacha na kanisa dogo pale chini kando ya barabara. Mnajua ile harufu inakupokea huko, breki za malori zimeungua kama ugali uliosahauliwa kwa jiko. Padi za kawaida, hata za kampuni, ukiziendea vibaya kwa mteremko mrefu kama ule zinachoka, ile gundi inayoshikilia unga wake inachemka inatoa gesi, unakanyaga na gari inakuangalia tu. Zangu? Hata hazikutoa jasho. Zikishapata moto, mpaka breki ya mwisho zilishika sawa sawa kabisa. Nilifika kwa kale kakanisa nikasimama nikapiga picha ya tairi. Mtu mzima. Picha ya tairi.

Alafu nikarudi Nairobi, maisha yakaanza.

Kwanza, mlio. Zikiwa baridi, nikikaribia kusimama, zilikuwa zinalia kama mbuzi amejua anapelekwa kichinjio cha Kiamaiko. Nikifika tu stage ya Kangemi mama watoto anaanza kupakua ugali. Siku hizo hakuna kuchelewa kisirisiri, hakuna kusema nilifika mapema nikakuta umelala, ploti nzima ilikuwa na saa ya kuingia kwangu. Pili, rimu zikageuka nyeusi kama sufuria ya harusi. Tatu, diski zikaanza kuchorwa mistari, kwa sababu padi za chuma chuma kama zile zinazila diski huku zikikuimbia. Na kubwa kuliko yote ni jamu. Padi inataka nyuzi 200 ndio ianze kujisikia, na mimi kutoka Kangemi mpaka Westlands natembea mita tano, nasimama, mita tano, nasimama. Joto la jamu ya Waiyaki Way haliwezi kupasha hata uji.

Lakini nilikuwa nimelipa elfu kumi na tatu. Mtu akilipa elfu kumi na tatu anaanza kusikia mlio kama muziki.

Sasa ile siku. Julai, Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ile baridi ya Nairobi inayofanya mtu avae soksi na sandali. Mama mkwe alikuwa anafika mjini na basi la usiku, na mimi nikajitolea kumchukua. Ploti yetu ina kamteremko kutoka parking mpaka geti, na nje ya geti, upande wa pili wa barabara, shosho wa mboga huwa ashapanga meza yake, nyanya zimejengwa piramidi nne nne, sukuma, vitunguu, kila kitu.

Nikawasha gari, nikaachilia, ikaanza kuteremka. Askari wa geti akafungua. Nikakanyaga breki. Pedali ngumu kama jiwe, na gari inaendelea. Nikakanyaga na miguu yote miwili, kiatu juu ya kiatu. Inaendelea. Na si mbio, jameni, hiyo ndio iliniuma, ilikuwa inaenda na mwendo wa bibi harusi akiingia kanisani, mpaka nilipata nafasi ya kumpita askari dirisha kwa dirisha na akanipigia saluti. Nikavuka barabara. Nikawa sasa naelekea kwa shosho, tumeangaliana ana kwa ana, na kwa sababu nimelelewa vizuri nikamsalimia, "Habari ya asubuhi, shosho." Na yeye pia amelelewa vizuri, akajibu, "Mzuri, kijana," ndio akagundua.

Hendbreki? Ndio. Iko hapo katikati ya viti, huwa naivuta kila siku. Nilikumbuka baadaye.

Bampa iligusa mguu wa meza, iligusa tu, kama mtu anayekuomba umsongee kidogo. Mguu ukafikiria. Ukainama. Piramidi ya kwanza ikaanguka, ya pili ikaifuata, na vile kwetu ni mteremko mpaka mtoni, nyanya zote zikashika barabara zikielekea chini moja nyuma ya nyingine. Na hapo ndipo, gunia la viazi likiwa linamalizia kunisimamisha, padi zikajifanya zimeshika, na zikalia, ule mlio wa mbuzi, mrefu, ploti nzima ikawasha taa.

Shosho hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivuta kiti chake cha plastiki, akaketi, akaniambia, "Okota. Tutahesabu."

Kwa hivyo nikaokota. Watoto wa ploti walinisaidia mwanzo alafu wakaanza kucheza mpira na moja. Kila niliyoleta shosho aliizungusha kwa kidole. "Hii imepasuka, shilingi kumi. Hii imeguswa. Hii si yangu lakini lipa." Na nikiwa nimepiga magoti kwa mtaro, nyanya tatu kwa kila mkono, boda ikasimama kando yangu, mama mkwe akashuka na mfuko wake na kuku amefungwa miguu. Alikuwa amechoka kungoja.

Akaniangalia. Akaangalia gari kwa meza. "Baba Boi," akasema pole pole, "kazi iliisha mkaficha kuniambia?"

Tulikula nyanya wiki nzima. Nyanya na mayai, nyanya na kuku, chai nilikuwa naiangalia mara mbili kabla ninywe. Jumatatu nilikuwa chini ya mti saa moja asubuhi na boksi la kampuni kwa mkono, elfu sita na mia tano, na pesa za kusawazisha diski kwa mashine ya leth juu yake. Fundi hakusema nilikuambia. Alitoa zile nyingine, akazifunga kwa gazeti, akanipa, "Siku ukienda Naivasha kushindana, uzikumbuke." Ziko juu ya kabati. Mama watoto ameegemezea picha ya harusi.

Gari sasa ni kimya, inashika saa kumi na mbili asubuhi, inashika saa sita mchana, haina hadithi. Nilipita kwa shosho nikamwonyesha, nikaenda, nikasimama, nikaenda, nikasimama, hata sauti hakuna. Akatingisha kichwa akaridhika. Lakini Jumanne nikakuta ameweka mawe mawili makubwa mbele ya meza, yale ya kujengea, na gharama ya mkokoteni ulioyaleta ameiandika kwa kipande cha katoni na jina langu: mia nne.